Joto la Chumba cha Nyuma

Mtaa mzima ulimwita Fundi, kwa sababu hapakuwa na mtu pale ambaye hajawahi kuvaa nguo iliyopita kwenye cherehani yake. Alikuwa mjane, mnene, mwepesi wa maneno, na magoti yake yalimsumbua kila ukungu uliposhuka kutoka mlimani. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kwenye barabara ya mawe inayopanda mlima. Ilikuwa na vyumba vitatu: cha mbele alichopangisha, cha kati alicholala na kushonea, na cha nyuma.

Chumba cha nyuma ndicho alichojivunia. Marehemu mume wake alikichimbia ndani ya mteremko alipoishiwa na nafasi ya kujenga, kwa hiyo ukitoka chumba cha kati ulilazimika kushuka ngazi. Dirisha hakikuwa nalo. Lakini sakafu yake ya saruji ilikuwa na uvuguvugu mwaka mzima, kama kiti ambacho mtu ametoka kukikalia sasa hivi. Nguo zilizofuliwa zilikauka humo hata wakati wa mvua.

"Wakubwa wanafungiwa mitambo ili wapate joto kama hili," alimwambia mpangaji wake mpya siku alipomtembeza nyumba. "Mimi nimepewa na mlima. Na panya hawakai humu. Hata mende akishuka hapa haendi mbali. Mume wangu alilala humu siku zake za mwisho, alipokuwa mgonjwa wa kifua. Alikufa usingizini, mwanangu, bila kuhangaika. Si kila mtu anapata kifo cha namna ile."

Mpangaji alikuwa mwanamke kijana, mkemia wa kikosi kilichokuja kutafuta jotoardhi: mahali ambapo moto wa tumbo la mlima umekaribia juu kiasi kwamba ukichimba kisima utapata mvuke wa kuzungushia mitambo ya umeme. Watoto wa mtaa walikuwa wameshambatiza jina la Dada Chupa. Kila asubuhi alipanda mlima na chupa za kioo mgongoni, akaenda kuzijaza mvuke unaotoka kwenye nyufa za miamba, na jioni akarudi ananuka kama mayai yaliyooza. Alikuwa pia na chombo mfano wa sufuria iliyogeuzwa. Alikifunika juu ya udongo, akachuchumaa pembeni, akasubiri tarakimu zipande. Alipima hewa inayotoka ardhini, maana inapovuja kwa wingi huenda chini pana ufa, na penye ufa huenda pana njia ya mvuke.

Wapita njia walimtania. "Dada, huo udongo haujaiva tu?"

"Bado kidogo. Chochea moto," aliwajibu, na kwa jibu hilo mtaa ukampenda.

Ng'ambo ya ua wa miti wa Fundi palikuwa na duka. Mwenye duka alikuwa dada wa marehemu, yaani wifi yake Fundi, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuamrisha, na watu walimwita Mama Duka. Wifi hao wawili hawakuwa wakisemeshana. Fundi alikuwa radhi kuburuta magoti yake hadi mwisho wa barabara kutafuta sindano kuliko kuvuka ule ua. Dada Chupa aligundua hayo siku aliporudi na kipande cha sabuni.

"Umenunua kwa nani?" Fundi aliuliza.

"Hapo kwa jirani."

"Hapo hapana jirani. Hapo pana mtu."

Akakanyaga cherehani kwa hasira mpaka uzi ukakatika. Alipokuwa akitunga uzi upya, akasimulia. Mwaka mmoja baada ya msiba alikuwa ameanza kufuga kuku. Alinunua vifaranga, akawaweka kwenye boksi katika chumba cha nyuma ili wapate joto. Asubuhi akawakuta wote wamelala chali. Akanunua wengine, wakafa hivyo hivyo. Chakula chao kilitoka duka la wifi yake. Basi siku hiyo alitoka barabarani, akasema mbele ya wateja kwamba kuna mtu ana roho mbaya na anatia sumu kwenye pumba.

"Naye alisemaje?"

Fundi alilamba ncha ya uzi, akaipitisha kwenye tundu la sindano.

"Alisema mimi ndiye wa kuulizwa habari za vifo vya chumba kile. Kwamba nilimtoa kaka yake kitandani nikamtupa nyuma kama gunia. Watu walituamua. Tangu siku hiyo, yeye kwake na mimi kwangu."

Dada Chupa alibaki amekaa na sabuni yake mkononi. Alikuwa anafikiria ile sakafu yenye uvuguvugu, panya wasiokaa, vifaranga waliolala chali, na mgonjwa aliyekufa usingizini.

Asubuhi iliyofuata aliomba ruhusa ya kupima chumba cha nyuma. Fundi akacheka. "Pima. Labda mtatoboa kisima humu humu, nichemshe chai bila kuni."

Dada Chupa alitafuta mpasuko mwembamba kwenye saruji, akafunika chombo chake juu yake. Kule mlimani tarakimu zilipanda taratibu, kama mzee anayepanda ngazi. Hapa zilikimbia. Akainuka, akapanda juu kuvuta hewa, akarudi na mshumaa. Aliuwasha akiwa amesimama wima, akaanza kuushusha. Usawa wa kiuno ulikuwa unawaka vizuri. Ulipokaribia magoti, ulimi wa moto ulisinyaa, ukazimika kama umebanwa na vidole. Akauwasha tena. Ukazimika palepale.

"Kiberiti umenunua wapi?" Fundi aliuliza kutoka juu ya ngazi. "Si nilikwambia usinunue kwa yule?"

Dada Chupa alipanda, akafunga mlango, akasimama amelishika komeo. Alijua anachopaswa kusema. Ile ilikuwa hewa ukaa, isiyo na harufu wala rangi, nzito kuliko hewa ya kawaida, nayo inajaa mahali pa chini kama maji yanavyojaa karai. Mtu akisimama, kichwa chake kinakuwa juu yake. Akilala, ameshazama. Lakini ukutani nyuma ya Fundi lilikuwa limening'inia koti la marehemu, limepigwa pasi, na Dada Chupa aliona kwamba akimaliza kueleza habari ya hewa, mjane huyu hatauliza habari za vifaranga. Atauliza habari za mwenye koti.

"Mama," alisema, "hewa ya humu si nzuri. Naomba ufunge mlango, usiingie mpaka nikaongee na mkuu wangu."

"Si nzuri kivipi?"

"Ni nzito kidogo."

"Haya, mwanangu," alisema Fundi, kwa sauti ya mtu anayekubali ili mazungumzo yaishe.

Kambi ya kikosi ilikuwa juu ya mtaa, mahema na makontena kwenye uwanja uliosawazishwa. Mkuu wa kikosi alikuwa mwanamume mwenye mvi ambaye ujana wake wote uliishia kwenye milima ya aina hii. Alizitazama tarakimu, akavua miwani.

"Kuna mtu anaishi humo?"

"Mwenye nyumba wangu. Nimemwambia asiingie."

"Umemwambia kwa nini?"

Dada Chupa akainamia chombo chake, akaanza kukifuta vumbi.

"Umemwonea huruma," mkuu alisema, naye hakusema kwa ukali. "Mimi pia niliwahi. Rudi sasa hivi ukamweleze yote. Na leo hali ya hewa ni mbaya. Siku za hivi ardhi inapumua zaidi."

Alishuka mlima karibu anakimbia. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mapaa, na manyunyu yalikuwa yanamchoma usoni kwa baridi. Alipofika mlangoni hakusikia cherehani. Chumba cha kati hakikuwa na mtu. Mkono wa shati ulikuwa bado umebanwa chini ya sindano. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi.

Magoti yalikuwa yamemzidi Fundi. Alishuka kujilaza kidogo tu, apashe moto mifupa, aendelee na kazi. Sasa alikuwa kwenye mkeka karibu na ukuta, mdomo wazi, uso umepauka.

Dada Chupa alivuta pumzi, akaibana, akashuka. Alimshika makwapani, akamburuta mpaka chini ya ngazi. Hapo nguvu zikamwishia. Fundi alikuwa mzito, naye kifua kilikuwa kinawaka kwa kukosa hewa. Akapanda, akatoka nje, akapiga kelele kuelekea ng'ambo ya ua.

"Mama Duka! Nisaidie! Fundi anakufa!"

Mama Duka alikuwa anampimia mteja sukari. Aliiacha kwenye mizani, akavuka ua kwa kuukanyaga, kandambili moja ikabaki kwenye matawi.

"Yuko wapi?"

"Nyuma, chini. Hewa ya humo inaua. Vuta pumzi hapa, uibane. Usipumue ukiwa umeinama. Ukishindwa, niache, utoke."

Walishuka pamoja. Mama Duka alishika miguu, Dada Chupa mabega, wakamvuta ngazi moja, wakapanda kupumua, wakarudi, wakamvuta tena. Hakuna aliyesema neno, maana pumzi ya kusemea hawakuwa nayo. Mwishowe walimtoa hadi barazani, wakamlaza kwenye manyunyu. Dada Chupa aliinua kidevu chake, akampulizia hewa mdomoni mara nyingi. Mama Duka alikuwa amepiga magoti kwenye mawe, anamsugua viganja.

"Amka, wewe! Amka! Ukiondoka, nitagombana na nani?"

Fundi akakohoa. Akakohoa tena, akavuta hewa kwa sauti kama mlango wenye kutu, akafungua macho. Alimtazama wifi yake muda mrefu.

"Mikono yako ina baridi," alisema.

Gari la kambi lilimpeleka zahanati, akawekewa hewa ya mtungi. Mama Duka alipanda gari hilo bila kualikwa, mguu mmoja peku, duka lake liko wazi na mteja bado anaitazama mizani.

Kesho yake mchana Fundi alikuwa ameketi kitandani, ameegemea mto. Mama Duka alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, amegeukia nje, kama mtu anayesubiri zamu yake kwa daktari. Dada Chupa aliingia, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Safari hii hakuficha. Alieleza hewa ukaa ni nini, inatoka wapi, inavyopenya kwenye mipasuko ya saruji, inavyolala chini, kwa nini mshumaa ulizimika, kwa nini panya hawakai.

"Vifaranga," Fundi alisema.

"Ndiyo, mama. Vifaranga."

Mama Duka, pale dirishani, hakugeuka. Ila mgongo wake ulinyooka.

Muuguzi alipita na karai, akatoka. Fundi alikuwa anakunja ncha ya shuka na kuikunjua, kama anayetafuta mahali pa kupinda pindo.

"Na mume wangu?"

"Sijui, mama," alisema Dada Chupa. "Sitakudanganya. Kifua chake kilikuwa kibovu, na inawezekana ni kifua tu. Inawezekana pia ni ile hewa. Sina kipimo cha kupimia siku iliyopita. Jana nilijua utaniuliza swali hili, nikaogopa. Ndiyo maana sikukueleza vizuri. Nisamehe."

Fundi hakuonekana kusikia. "Mimi ndiye niliyemtandikia," alisema. "Kitandani alikuwa anatetemeka. Nikachukua godoro, nikaliweka chini kabisa, nikasema hapa utapata joto, baba. Nikamfunika kwa mikono yangu hii. Nikafunga mlango asipigwe na upepo."

Akaanza kulia, kilio cha mtu mzima kisichokuwa na sauti, mabega tu yakitikisika.

Mama Duka aliinuka dirishani, akavuta kiti mpaka ubavuni mwa kitanda.

"Nilikuja mchana ule, kabla hajafa," alisema. "Wewe ulikuwa umekwenda kumtafutia dawa. Nilisimama kwenye ngazi nikaongea naye. Alisema, 'Dada, leo mifupa yangu imepoa maumivu. Mke wangu amenipatia mahali pazuri.' Alikuwa anatabasamu. Nikaenda zangu dukani moyo wangu umetulia."

Fundi akainua uso.

"Hukuwahi kuniambia."

"Ningekuambiaje? Alipokufa nilitaka mtu wa kumlaumu, na wewe ndiye uliyekuwa karibu. Nilijua umemtunza. Nilijua kabisa. Nikasema yale niliyosema, halafu nikashindwa kuyameza."

"Na mimi nilikuita mtia sumu mbele ya wateja wako."

"Mtia sumu na mchawi."

"Mchawi sikusema."

"Ulisema."

Fundi alifikiri. "Basi nilisema kwa sauti ya chini."

"Niliisikia vizuri tu. Haya, usilie sana, sijaja na leso." Akachukua ncha ya shuka la zahanati, akamfuta wifi yake machozi kwa nguvu, kama anavyofutwa mtoto aliyekataa kunawa.

Dada Chupa aliwaacha. Alitoka nje, akaenda kusimama nyuma ya gari la kambi mahali ambapo hapakuwa na mtu, na yeye pia akalia kidogo. Kisha akaomba vifaa, akaanza kazi ya kupima mtaa mzima, nyumba kwa nyumba. Hakuzungusha maneno tena. Aliingia, akapima, akasema: hapa salama, hapa mtoto asilale chini, hapa pafungwe leo. Wapo waliomkasirikia. Mzee mmoja alimfungia mlango, na kesho yake akaja mwenyewe kambini kumwita, baada ya mshumaa wake kuzimika chini ya kitanda.

Vipimo vilipowekwa kwenye ramani, vilichora mstari. Ufa ulipita chini ya nyumba ya Fundi, ukapita pembeni ya tangi la maji, ukapanda moja kwa moja hadi kwenye machimbo ya mawe juu ya mtaa. Mkuu wa kikosi aliutazama mstari ule kwa furaha ambayo aliona haya kuionyesha, kwa sababu ndio waliokuwa wanautafuta tangu wafike, na alijua umewapitia watu gani. Nyumba chache zilitobolewa matundu usawa wa sakafu upande wa mteremko, hewa ile ipate kutiririka nje. Chumba cha nyuma cha Fundi hakikuwa na upande wa kutoboa. Ilibidi kijazwe mawe na udongo.

Fundi alikataa. Kisha akanuna. Kisha akaomba aachwe akae kwenye ngazi ya juu peke yake kwa muda, mlango wazi, na Dada Chupa akakaa chumba cha kati akimsikiliza kama anapumua. Hakuna ajuaye alisema nini mle. Alipotoka aliwaambia vibarua, "Jazeni. Ila mawe myapange, msiyatupe."

Wakati kazi inafanyika alihamia kwa wifi yake, kwa siku chache tu, alivyosema. Cherehani ikawekwa kwenye baraza ya duka. Wateja waliokuja kununua chumvi wakawa wanaacha suruali za kupunguzwa, na waliokuja na suruali wakawa wanaondoka na chumvi. Siku chache zikawa wiki, wiki zikapita, na hakuna aliyegusia habari ya kurudi. Waligombana kila asubuhi kuhusu sauti ya redio. Mama Duka aliitaka juu, Fundi aliitaka chini, na mteja aliyejaribu kuwasuluhisha alifukuzwa na wote wawili.

Mtambo wa kuchimba ulipandishwa mlimani kiangazi kilichofuata, mbali na nyumba. Kisima cha kwanza kilitoa maji ya vuguvugu tu, na kambi nzima ikaingiwa na unyonge. Wakasogea, wakafuata ule ufa kwa uangalifu zaidi, wakachimba cha pili. Siku ya kukifungua, watu wa mtaa waliruhusiwa kutazama kutoka kwenye ukingo wa machimbo, na kila mmoja akapewa pamba ya masikio.

Fundi alikuwa amepanda kwa shida, ameshikiliwa mkono. Walikaa kwenye jiwe na wifi yake. Chini yao walimwona Dada Chupa, kofia ngumu kichwani, amesimama mbali kidogo na bomba. Mtu akazungusha usukani wa valvu. Kwanza zilitoka tope na kokoto. Kisha mlima ukanguruma, na mvuke mweupe ukapanda juu, mnene kuliko nyumba, kwa kishindo kilichotikisa lile jiwe walilokalia. Vijana walishangilia, lakini hakuna aliyewasikia.

Mama Duka alisimama, akaelekeza kidole kwenye mvuke, akapiga kelele sikioni mwa Fundi:

"Huku ndiko kwa kutokea! Huku, mbele za watu, si chini ya vitanda vyetu!"

Fundi alitikisa kichwa kukubali. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini hakuyafuta, na aliendelea kutazama mpaka shingo ikamuuma.

Baadaye, kelele zilipopunguzwa, Dada Chupa alipanda kuwasalimia. Alikuwa amelowa, uso unang'aa. Aliwaambia kwamba vipimo ni vizuri, kwamba kikosi kitabaki na yeye atahamishiwa mlima mwingine mwezi ujao.

"Huko utapanga kwa nani?" Fundi aliuliza.

"Sijui bado, mama."

"Ukifika, angalia kwanza kama wana dirisha," alisema Mama Duka.

Walishuka polepole. Mama Duka alitangulia, akilalamika kwamba ameacha duka bila mtu na kwamba kwa mwendo huu watafika giza limeingia. Kila baada ya hatua kadhaa alisimama, akageuka, akasubiri magoti ya wifi yake yamfikie.